Giza la Sekunde Hamsini

Watu wengi huijua filamu kwa macho, wakiwa wamekaa kitini na bisi mfukoni. Bibi Gundi aliijua kwa vidole. Kwa miaka arobaini na minane alikaa katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi wa sinema, kwenye meza yenye kioo katikati na taa chini ya kioo, akipitisha filamu polepole kati ya kidole gumba na cha shahada, kama mtu anayekagua pindo la gauni. Palipochanika, kidole kilimwambia kabla ya jicho. Hapo alisimama, akakata kwa wembe, akakwangua ukingo, akapaka gundi kwa brashi iliyobaki na nywele chache kama ndevu za babu, akabana kwenye kibanio cha chuma na kuhesabu hadi kumi na tano. Gundi ile ilikuwa na harufu ya kupanda kichwani, na haikutoka kwenye nguo hata uzifue kwa hasira. Ndiyo maana alipokuwa binti aliitwa Dada Gundi, alipozaa akawa Mama Gundi, na sasa kichwa kimejaa mvi anaitwa Bibi Gundi na wajukuu ambao hata si wake.

Jambo la kushangaza ni kwamba hakuwahi kutazama filamu hata moja hadi mwisho. Alijaribu mara moja ujanani. Alikaa kiti cha mbele, kitambaa safi kichwani, na kwa saa nzima hakuona chochote isipokuwa viungo vyake mwenyewe, pale alipounganisha vipande, vikiruka kwenye kitambaa cheupe cha kuonyeshea. Kile pale kimepinda. Kile kule kina tone la gundi. Watu wakilia, yeye anajilaumu. Akatoka na hakurudi tena.

Filamu aliyoijua kuliko zote ilikuwa ya zamani, nyeusi na nyeupe, magurudumu sita ya mkanda ndani ya makopo sita ya bati. Jina lake halisi lilishafutika kwenye makopo, na watu wa mtaa walikuwa wameibandika lao: Wezi wa Mvua. Inamhusu mzee mmoja fundi wa kufuli, ambaye ujanani alitengeneza mlango wa chuma wa duka la vito, mlango ambao aliapa hautafunguliwa na mwizi yeyote. Sasa amezeeka, mikono inatetemeka hata kikombe cha chai hakifiki mdomoni kikiwa kimejaa, na watu watatu wanamfuata: wewe uliyeufunga, njoo utufungulie. Mvua inanyesha tangu mwanzo hadi mwisho. Wanaingia kupitia chumba cha dobi chini ya duka, kati ya mashuka yanayoning'inia.

Na hapo kwenye gurudumu la nne ndipo palipokuwa na siri ya Bibi Gundi.

Wiki yake ya kwanza kazini, akiwa na miaka kumi na tisa, alipewa gurudumu hilo alikague peke yake. Dada yake mkubwa ndiye aliyemtafutia kazi; mume wa dada huyo ndiye aliyekuwa fundi wa mashine ya kuonyeshea. Basi binti akapitisha filamu, akaona picha ya mkono wa mzee kwenye kufuli, halafu ghafla, nyeusi. Akavuta. Nyeusi. Akavuta tena, mita moja, mbili, tano, kumi, yote nyeusi tii kama lami. Pembeni mstari wa sauti, ule mchoro mwembamba unaobeba sauti ya filamu, uliendelea kucheza, na hilo alilitambua, lakini akajiambia: sauti bila picha ni ya kumfanyia nini mtu aliyekuja kutazama? Akaona kipande kimeungulia huko kiwandani. Akakata mita ishirini na tatu, akaunga mwanzo na mwisho, akajipongeza. Lile giza akaliviringisha ndani ya kopo la biskuti, kwa sababu aliyemfundisha kazi alimwonya asitupe kipande chochote, hata kama ni urefu wa ukucha.

Jumamosi ile filamu ilionyeshwa. Mkono kwenye kufuli, kufumba na kufumbua mlango uko wazi, na mzee analia machozi. Ukumbi mzima ukapiga miluzi. Mshonaji mmoja wa mtaa ule, kijana mwenye sauti kama ya mnadani, akasimama na kugeukia kidirisha cha mashine: "We Sinzia! Amka! Umeruka!" Kicheko kilichofuata kilimbatiza shemeji yake Bibi Gundi jina jipya, na jina hilo halikubanduka tena. Binti alisikia yote kutoka chumbani kwake. Angesema? Dada yake ndiye aliyemdhamini. Akameza mate. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa maisha.

Sasa, miaka arobaini na minane baadaye, ilikuwa Jumanne, na dada mmoja kutoka nyumba ya kuhifadhi filamu alikuwa amekaa mbele ya Bibi Gundi na shemeji yake, magoti pamoja, mkoba wa karatasi mapajani.

"Tumeuliza kila mahali," alisema. "Nakala ni hii moja tu. Ijumaa asubuhi nitaichukua, itanakiliwa picha moja baada ya nyingine. Kitakachoingia humo ndicho kitakachobaki. Kisichoingia, basi tena."

"Alhamisi tutaionyesha mara ya mwisho," alisema Sinzia. Alikuwa mzee mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni. "Saa tisa alasiri, ili wazee wenzangu wasianguke ngazini kurudi nyumbani."

"Ila kuna kitu kinanisumbua, mzee wangu." Yule dada akatoa karatasi za kale zilizopigwa taipu. "Haya ni maandishi ya filamu yenyewe. Hapa kwenye mlango wa chuma yanasema: Taa inazimwa. Giza. Sekunde hamsini. Tunasikia tu. Mbona kwenye filamu giza hilo halipo?"

Sinzia alisimama kwa haraka ambayo magoti yake hayakuwa yameizoea. "Sekunde hamsini?" Akaichukua karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. "Shemeji, unasikia? Palikuwa na kitu! Miaka yote naitwa msinziaji, kumbe filamu ilikuja imeshapunjwa huko ilikotoka!"

Bibi Gundi alitazama juu ya kabati. Siku zote alijua kwamba alikata vibaya. Hakujua kwamba alichokata kilikuwa kimekusudiwa. Mtu mmoja, mahali fulani, alikaa akafikiri sana, akaamua kuwapa watu giza. Na yeye akalitia kwenye kopo la biskuti.

Yule dada alipotoka kwenda kupima makopo, Bibi Gundi alipanda kwenye stuli na kushusha kitu kutoka juu ya kabati.

"Shemeji, kaa."

"Nikikaa tena, kuinuka ni kesho."

"Kaa, nina neno."

"Unaolewa?"

"Na nani? Na wewe?"

"Mimi mke wangu aliniachia kazi ya kumkumbuka, sina nafasi." Akakaa. Kisha akauona uso wa shemeji yake, na utani ukamkauka mdomoni.

"Fungua," alisema Bibi Gundi.

Kopo lilifunguka, na chumba kikajaa harufu ya siki, harufu ya filamu inayozeeka. Sinzia alishika ncha kwa kucha, akaivuta kidogo, akaielekeza dirishani. Nyeusi. Akatazama pembeni, penye mstari wa sauti.

"Ndilo?"

"Ndilo."

"Umelipata wapi?"

"Sikulipata. Nililikata. Wiki yangu ya kwanza. Nilidhani limeungua."

Mashine ya kurudishia filamu ilikuwa ikizunguka tupu kwenye kona, tik, tik, tik. Hakuna aliyeizima.

"Dada yako," alisema Sinzia polepole, "amefariki akiniita Sinzia."

"Najua."

"Siku ya mazishi, yule mshonaji alinishika mkono akaniambia, pole sana Sinzia."

"Nilikuwa nimesimama pembeni yako, shemeji. Nilisikia."

"Ulisikia." Akalirudisha giza ndani ya kopo, akafunika taratibu, akainuka bila kushika meza, akatoka. Bibi Gundi alisikia hatua zake zikipanda ngazi ya chumba cha mashine, ngazi kumi na nne. Shemeji alikwenda nyumbani siku hiyo bila kuaga mtu.

Kesho yake asubuhi Bibi Gundi alimkuta mlangoni, amekumbatia gurudumu la nne kama mtoto mchanga.

"Unga," alisema Sinzia.

"Umenisamehe?"

"Nimesema unga. Msamaha uko kwenye foleni."

Kuunga kulichukua siku nzima. Kipande kilikuwa kimejikunja kama nywele za mtoto, na kwa uzee kilikuwa kimesinyaa. Vitundu vyake vya pembeni havikukaa sawasawa kwenye meno ya kibanio. Kwanza alikilaza chini ya vitabu vizito tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kisha akakitafuta kile kiungo chake cha kwanza, akakijua mara moja kwa kidole: kimepinda, gundi imemwagika, kama mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza. Akakikata. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, kwa umri na kwa kila kitu, na mara mbili brashi ilimkosea. Mara ya tatu alifumba macho. Akapaka kwa kugusa tu, akabana, akahesabu kumi na tano kwa sauti.

Yule dada wa kuhifadhi alikuwa amesimama nyuma yake, mikono imefunika mdomo. "Bibi, nakuomba," alisema, "tusiipitishe kwenye mashine. Mashine ya hapa inavuta kwa nguvu. Ikikatika humo inatafunwa, na hatutakuwa na kitu. Nipeni hivi hivi niende nayo. Itanakiliwa salama."

"Na watu wa Alhamisi?" aliuliza Sinzia.

"Waonyesheni bila kipande hicho, kama walivyozoea."

"Mwanangu, sikiliza." Sinzia hakupandisha sauti. "Walioniita Sinzia hawako huko kwenye makabati yenu. Wako hapa, na wenyewe wamebaki wachache. Nataka wakione wangali hai, na mimi ningali hai."

Wote wawili wakamgeukia Bibi Gundi. Alitoa gurudumu, akaanza kulipitisha kati ya vidole, tangu kiungo hadi kiungo, mita ishirini na tatu. Mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu alipitisha polepole zaidi, kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza ukutani.

"Itapita," alisema.

"Unajuaje, Bibi?"

"Kidole kimesema."

Yule dada alishusha pumzi ndefu, kisha akakubali kwa kichwa, kama mtu anayesaini asichokisoma.

"Ila kuna adhabu," alisema Sinzia. "Kesho wewe utakaa ukumbini. Kitini. Mwanzo hadi mwisho."

"Shemeji, mimi nitaona viungo tu!"

"Viungo vimekukosea nini? Uvione."

Alhamisi saa tisa ukumbi ulijaa nusu, na kwa ukumbi ule nusu ilikuwa sherehe. Walikuja wazee kwa fimbo, mabibi na wakwe zao. Mshonaji naye alikuwepo, safu ya tatu kama zamani, amenenepa, miwani imening'inia kwa uzi wa cherehani. Bibi Gundi alikaa safu ya nne na yule dada wa kuhifadhi. Mapazia ya milango yakafungwa, mwanga wa mchana ukabaki nje.

Mwanzoni ikawa kama alivyoogopa. Kile pale kiungo alichounga akiwa na mimba ya mtoto wa pili. Kile kule alichounga siku gundi ilipoganda kwa baridi. Halafu mvua ikaanza kunyesha kwenye picha, na Bibi Gundi akasahau kuhesabu.

Maana mvua ile aliijua. Kwenye lenzi yake ya kukuzia picha mezani, miaka yote, ilikuwa ni mistari myeupe iliyosimama, na mara nyingi aliilaumu, akidhani ni mikwaruzo ya mashine. Kumbe inatembea! Inashuka kwenye ukingo wa kofia ya yule mzee, inakusanyika, inasita, inadondoka. Taa ya barabarani inaangukia nusu ya uso wake na nusu nyingine hakuna kitu, na katika ile nusu isiyoonekana ndimo alimokuwa amejificha mtu mzima na aibu zake. Bibi Gundi aliwahi kuushika uso huo mkononi mara elfu, ukubwa wa kucha. Sasa ulikuwa mkubwa kama nyumba, nao ulikuwa ukimtazama.

"Ni mzuri hivi?" alinong'ona.

"Ndiyo maana nimekuja," yule dada alinong'ona pia.

Mashuka ya dobi yakatikisika. Wezi wakapita kati yake, vivuli vyao vikubwa kuliko wao. Mkewe mzee wa kufuli, ambaye alikuwa amemshonea mfuko wa siri ndani ya koti bila kuuliza ni wa nini, alionekana amekaa nyumbani mbele ya chai iliyopoa, hatikisiki. Hakuna aliyeeleza anachofikiri. Hapakuwa na haja. Kisha mlango wa chuma. Mkono wa mzee ukainuka kuelekea kufuli, unatetemeka vibaya, vibaya mno, na mmoja wa wale watatu akaanza kuvuta pumzi ya kukata tamaa. Nje, buti za mlinzi. Mwanga utapenya tundu la ufunguo. Mtu akainamia taa.

Giza.

Bibi Gundi alishika mkono wa kiti. Huko juu kiungo chake cha jana kilikuwa kinaingia kwenye meno ya mashine. Alikisikia, au alidhani amekisikia: tak. Kikapita.

"Sin..." ilianza sauti ya safu ya tatu, kwa mazoea ya miaka arobaini na minane. Ikakatika yenyewe.

Kwa sababu katika giza kulikuwa na kitu kinazunguka. Kufuli. Mzee alikuwa anaendelea kwa kugusa. Kliki. Kliki-kliki. Inasita, inakosea, inarudi; ule mtetemeko ambao dakika moja iliyopita uliuona, sasa uliusikia. Buti za mlinzi zikakaribia. Tone la maji. Mtu alikuwa anapumua, na hukuweza kujua ni mwizi au ni jirani yako wa kiti cha pili, maana ukumbi mzima ulikuwa kwenye kile chumba cha chuma, wote gizani pamoja, hakuna skrini, hakuna ukuta. Buti zikasimama. Kliki. Kisha, polepole, Bibi Gundi akasikia kilichomsimamisha nywele za mikono: zile kliki zilianza kulingana. Moja. Moja. Moja. Kama saa ya ukutani. Kama mikono ya kijana. Gizani, pasipo mtu wa kumwona, mikono ya mzee ilikuwa imeacha kutetemeka.

Buti zikaondoka. Chuma kikaguna. Taa ikawashwa, na mlango ulikuwa wazi, na mzee alikuwa analia.

Hakuna aliyepiga mluzi. Miaka yote waliuliza, analia nini mzee huyu, si amefanikiwa? Sasa hakuna aliyeuliza. Bibi mmoja nyuma alikuwa anajipangusa macho kwa ncha ya mtandio. Yule dada wa kuhifadhi alikuwa amemshika Bibi Gundi kiganja, na wala hakukumbuka amekishika saa ngapi.

Mwisho wa filamu siusimulii hapa. Mwenye bahati ataiona mwenyewe. Taa za ukumbi ziliwaka na watu wakabaki wamekaa. Kisha mshonaji aliinuka, akageukia kidirisha cha mashine kama alivyofanya ujanani, akafungua mdomo, akaufunga. Akaanza kupanda ngazi. Bibi Gundi akamfuata mbio, kadiri magoti yalivyomruhusu, maana alijua shemeji yake hatasema.

Alipofika juu, mshonaji alikuwa anahema mlangoni.

"Sinzia," alisema, "yaani, ndugu yangu..."

"Niite hivyo hivyo. Nimeshalizoea, kulivua sasa nitapata baridi." Sinzia alikuwa anatoa gurudumu mashinani, vidole vyake vikitembea kwenye filamu kuhakikisha imebaki nzima. "Kipande kilipotea. Kimepatikana. Yameisha."

"Hakikupotea," alisema Bibi Gundi kutoka ngazini. "Mimi ndiye niliyekikata. Huyu hajawahi kulala hata siku moja kwenye kazi hii. Nenda ukawaambie wote walioko chini, kwa ile sauti yako ya mnadani."

Mshonaji alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Wewe, Bibi Gundi?"

"Mimi."

"Mungu wangu." Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Kisha, badala ya kukasirika au kucheka, akasogea karibu na kuuliza kwa sauti ya chini, kama mtoto: "Lakini yule mlinzi aliposimama, aliwasikia, siyo? Aliwasikia, akawaacha. Nimemwona alivyogeuka."

"Umemwona wapi?" alisema Sinzia. "Palikuwa na giza. Na hakusimama kwa ajili yao, alisimama kuwasha sigara. Mimi nimeiona njiti."

"Njiti gani? Hakuna njiti!"

"Ipo!"

Wakaanza kubishana, wazee wawili, mikono hewani, kila mmoja akimweleza mwenzake kwa makini alichokiona katika sekunde hamsini ambamo hapakuwa na kitu cha kuona. Bibi Gundi alikaa kwenye stuli ya mashine. Naye alikuwa ameona kitu mle. Alikuwa amemwona mke wa yule mzee na chai yake iliyopoa, akiinua kichwa pale pale mikono ya mumewe ilipotulia, kana kwamba imemfikia habari. Alimwona wazi kabisa, na alikuwa na uso wa dada yake.

Sinzia aliacha kubishana. "Na wewe je, shemeji? Umeona viungo vingapi?"

"Viungo?" alisema Bibi Gundi. Alikuwa bado anatazama kile kidirisha kidogo, na kitambaa cheupe kule mbali kisichokuwa na kitu. "Rudisha gurudumu la nne, shemeji. Watu bado wamekaa. Rudisha wakalione tena kabla yule dada wa kuhifadhi hajaondoka nalo."

Sinzia akaliinua gurudumu na kulipachika upya. Mshonaji alikuwa tayari anashuka ngazi kuwahi kiti chake, akipaza sauti ukumbi mzima umsikie: "Kaeni! Kaeni! Na asiyefahamu afahamu leo, mtu huyu hakusinzia!"